Wakili wa Nyumba Achaguliwe Kabla ya Nyumba

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, ndugu na marafiki mliokusanyika hapa,

Nimeombwa nizungumzie ununuzi na uuzaji wa nyumba katika nchi hii ya Uingereza, na baada ya kutafakari nimeona nisiizungumzie nyumba yenyewe. Kuhusu nyumba kila mmoja wetu ana macho yake: anajua anataka vyumba vingapi, karibu na shule gani, na umbali gani kutoka kituo cha treni. Nitamzungumzia mtu ambaye wengi wetu humchagua mwisho kabisa, kwa haraka, na mara nyingi kwa sababu tu jina lake limetajwa na dalali aliyetufungulia mlango. Mtu huyo ni wakili anayesimamia uhamisho wa umiliki. Ombi langu kwenu ni kwamba wakili huyo atafutwe kabla nyumba haijapatikana, na achaguliwe yeye mwenyewe, kwa jina lake na kwa kazi yake, si kwa jina la kampuni lililoandikwa kwenye kibao wala kwa bei iliyotangazwa.

Wengine mnanijua kwa kazi yangu ya ukalimani katika ofisi za mawakili, ambako huketi kati ya wakili na familia zinazozungumza Kiswahili. Siri za watu hao zitabaki kuwa zao, na hakuna atakayesikia habari zake hapa. Mimi si wakili, na maneno yangu hayawezi kushika nafasi ya ushauri wa sheria. Hata hivyo nimekaa karibu na meza hiyo kiasi cha kutosha kutambua ni maswali gani yaliwaokoa watu kwa kuwa yaliulizwa mapema, na ni yapi yaliulizwa maji yakiwa yameshamwagika.

Niweke mipaka kwanza. Sheria ninayoizungumzia ni ya Uingereza yenyewe, yaani England, na ya Wales. Uskoti ina utaratibu wake tofauti wa mauziano ya nyumba, na anayenunua Glasgow au Edinburgh atafute wakili wa huko, kwa kuwa mengi ya haya hayatamfaa.

Watu wengi hudhani kwamba wakili wa nyumba ni mtu wa kugonga mihuri tu. Kwa kweli, kuanzia siku dalali anapokupigia simu kukuambia kwamba bei yako imekubaliwa hadi siku unapokabidhiwa funguo, karibu kila jambo lenye uzito hupita mikononi mwake. Wakili wa muuzaji huandaa rasimu ya mkataba, huiambatanisha na nakala za kumbukumbu za umiliki, na humjazisha mteja wake fomu za maelezo ya nyumba, ambamo huulizwa habari za mipaka, migogoro na majirani, ujenzi ulioongezwa, na mafuriko. Wakili wa mnunuzi huyasoma yote hayo kwa jicho la shaka. Hufanya upekuzi katika halmashauri ya eneo kujua kama kuna amri au mpango wa barabara unaoigusa nyumba, upekuzi kwa kampuni ya maji kujua mabomba ya majitaka yanapita wapi, upekuzi wa mazingira, na katika maeneo yaliyochimbwa makaa ya mawe, upekuzi wa migodi. Kisha huandika maswali kwa wakili wa upande wa pili, hupokea majibu, huuliza tena pale ambapo jibu halikutosha, na mwishoni humwandikia mteja wake ripoti. Kwa kawaida hufanya kazi pia kwa niaba ya benki inayotoa mkopo, kwa hiyo akigundua jambo linaloshusha thamani ya nyumba hana budi kuiarifu benki, na akikosa ruhusa yako ya kufanya hivyo huenda akajitoa.

Sasa lisikilizeni kwa makini hili, kwa kuwa ndilo linalowashangaza sana watu wetu. Bei kukubaliwa hakumfungi mtu yeyote. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, uwe na masharti yote waliyokubaliana, na utiwe saini na pande zote mbili. Kabla ya siku ya kubadilishana mikataba, yaani siku mawakili wa pande mbili wanapopeana nakala zilizotiwa saini, muuzaji anaweza kumpokea mtu mwingine mwenye bei ya juu, na mnunuzi anaweza kubadili mawazo asubuhi moja na kuondoka, bila yeyote kumdai mwenzake fidia. Fedha ulizokwisha kulipia upekuzi na ukaguzi wa jengo hazirudi. Baada ya kubadilishana mikataba, mambo hugeuka kabisa: mnunuzi huwa ameweka arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, na akishindwa kumaliza anaweza kuipoteza yote.

Kwa hiyo kipindi cha hatari ni hicho cha katikati, kinachoweza kuchukua miezi mitatu, minne, au zaidi, hasa pale nyumba yako inapokuwa katika msururu wa mauziano ambamo kila mmoja anamsubiri mwenzake. Wakili mzembe akikaa na barua mezani wiki mbili, si kwamba amekuchelewesha tu. Amemwachia muuzaji wiki mbili za kushawishiwa na mtu mwingine. Na wakili aliyechaguliwa baada ya bei kukubaliwa huanza kazi akiwa nyuma, kwa sababu hawezi kugusa chochote kabla hajathibitisha wewe ni nani, unaishi wapi, na fedha zako zimetoka wapi. Mnunuzi aliyemaliza hayo kabla ya kwenda kutazama nyumba ameokoa muda mwingi. Muuzaji naye, ambaye mara nyingi hudhani hana haraka, angeweza kuwa ameshajaza fomu zote, ametafuta vyeti vya ukaguzi wa ujenzi wa chumba alichoongeza nyuma ya nyumba, na kama ni ghorofa, ameshaagiza taarifa kutoka kwa kampuni inayosimamia jengo, ambazo zinaweza kuchukua wiki kadhaa kufika.

Nani basi anaruhusiwa kufanya kazi hii? Kuna aina mbili kuu za wataalamu. Wa kwanza ni mawakili, ambao husimamiwa na Solicitors Regulation Authority. Wa pili ni wataalamu wenye leseni ya uhamisho wa umiliki pekee, ambao sheria ya mwaka 1985 iliwafungulia mlango na kuvunja ukiritimba wa mawakili. Hawa husimamiwa na Council for Licensed Conveyancers. Msidharau aina ya pili. Mtu anayefanya kazi moja tu kila siku huweza kuijua kuliko wakili anayechanganya nyumba, talaka na kesi za ajali. Pale ambapo suala la nyumba limeshikana na urithi wenye mgogoro au na talaka, wakili mwenye ofisi pana huwa na faida. Vyovyote iwavyo, jina la kampuni na la mtu mwenyewe litafutwe kwenye orodha ya msimamizi wake, ambayo iko wazi kwa wote na haina malipo. Asiyekuwamo humo asipewe hata senti, hata kama ni mtu wa nyumbani, hata kama anazungumza Kiswahili safi kuliko mimi.

Niseme kidogo juu ya dalali, kwa kuwa ndipo wengi hukwama. Dalali huajiriwa na kulipwa na muuzaji. Anapomwambia mnunuzi, "Mtumie wakili wetu, mambo yatakwenda haraka," mara nyingi kuna malipo ambayo wakili huyo humpa dalali kwa kila mteja anayeletwa. Malipo hayo si haramu kisheria, lakini wakili analazimika kukueleza kwamba yapo, na una haki kamili ya kuuliza ni kiasi gani. Uulize. Wapo mawakili wazuri waliopatikana kwa njia hiyo, sikatai. Ila jiulize fedha hizo hutoka wapi: aliyetoa mamia ya pauni kumpata mteja lazima ayarudishe, na njia nyepesi ya kuyarudisha ni kumpa mfanyakazi mmoja mafaili mengi kuliko anayoweza kuyabeba. Dalali akikuambia kwamba usipomtumia wakili wake bei yako haitapelekwa kwa muuzaji, fahamu kwamba hana haki hiyo, na muombe akuandikie maneno hayo kwa maandishi. Sijaona bado aliyekubali kuyaandika.

Kinyume chake, kuna orodha moja unayopaswa kuijali, nayo ni ya benki. Kila mkopeshaji ana orodha ya ofisi anazozikubali kumwakilisha. Ukichagua ofisi isiyokuwamo, benki itaajiri wakili wake mwenyewe, gharama itaongezeka na muda pia. Muulize wakili kuhusu benki yako kwa jina, kabla hujatia saini ya kumwajiri.

Tuje kwenye bei. Tangu Desemba 2018, ofisi za mawakili zinatakiwa kuweka wazi kwenye tovuti zao gharama za kuhamisha umiliki wa nyumba za kuishi. Ni hatua njema, lakini ukurasa wa bei husomwa vibaya na wengi. Kuna ada ya wakili mwenyewe, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Kuna malipo anayoyatoa kwa niaba yako kwa watu wengine, kama gharama za upekuzi na ada ya Ofisi ya Usajili wa Ardhi. Halafu kuna nyongeza ambazo hutokea baadaye: nyongeza kwa kuwa nyumba ni ya umiliki wa muda maalumu, yaani unainunua kwa miaka iliyowekwa tu na si milele, nyongeza kwa kuwa una mkopo, nyongeza kwa kuwa sehemu ya fedha ni zawadi ya mzazi, nyongeza ya kujaza fomu ya kodi, nyongeza ya kutuma fedha kwa benki. Ofisi iliyoanza kwa bei ya chini huweza kumaliza juu ya ile uliyoiona ghali. Dawa yake ni kumweleza kila wakili hali yako yote, bila kuficha, kisha umwombe akupe kwa maandishi jumla ya mwisho ikiwa na kila kitu, pamoja na jibu la swali hili: nikilazimika kuacha katikati, nitadaiwa nini? Wapo wasiodai ada yao iwapo mauziano yamevunjika, wapo wanaodai sehemu. Lililo muhimu ni kulijua mapema.

Nimesema achaguliwe yeye kama mtu, na hapa ningependa kukaa kidogo. Ukipiga simu katika ofisi kubwa, anayekupokea ni mtu wa mauzo. Sauti yake nzuri na ahadi zake havikuambii chochote juu ya atakayeshika faili lako. Ulizeni basi, tena bila haya, kwa sababu kuuliza si ujinga: Nani hasa atashughulikia kazi yangu, anaitwa nani? Ana sifa gani za kisheria? Kama bado anajifunza au ni msaidizi, nani anamsimamia, na msimamizi yuko ofisi hiyo hiyo? Anafanya kazi siku zote za wiki? Akienda likizo, nani anashika nafasi yake, na mtu huyo atakuwa ameshalisoma faili langu? Ana mafaili mangapi kwa sasa? Naweza kumpigia simu moja kwa moja, au nitakuwa nikiandika ujumbe kwenye mfumo na kusubiri? Namna anavyojibu ni sehemu ya jibu. Wakili aliye na kazi anazoweza kuzimudu hujibu maswali haya kwa dakika tano bila kuudhika. Anayekwepa swali la idadi ya mafaili ameshakujibu.

Kwa sisi kuna swali la lugha pia. Wengi wetu tunazungumza Kiingereza cha kazini vizuri kabisa, lakini Kiingereza cha mkataba wa ardhi kinawashinda hata wenye lugha yao. Usione vibaya kumwambia wakili tangu mwanzo kwamba utahitaji ripoti yake aieleze kwa mdomo, polepole, au mbele ya mkalimani. Na mkalimani asiwe mtoto wako wa shule. Nimeona watoto wakitafsiri habari za madeni ya wazazi wao, na ilikuwa mzigo usiowastahili. Isitoshe, mtoto huruka asilolielewa. Wala asiwe ndugu anayechangia fedha za nyumba hiyo, maana maslahi yake yamo ndani ya maneno anayoyatafsiri.

Suala la chanzo cha fedha ndilo linaloleta machungu mengi katika jamii yetu. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimu wakili kuchunguza fedha zako zimetoka wapi, na hawezi kukuonea huruma hata akitaka. Wengi wetu arubuni tumeikusanya kwa njia za heshima ambazo hazina karatasi: zamu ya mchezo wa akina mama, mkopo usio na riba kutoka kwa mjomba, mahari iliyowekwa, kiwanja kilichouzwa nyumbani na fedha zikaletwa kidogo kidogo. Njia hizi zote zinaweza kuelezwa, ila zielezwe mapema na kwa ushahidi. Wanachama wa mchezo wanaweza kuandika barua yenye utaratibu wao na kila mmoja akatoa taarifa ya benki inayoonyesha michango. Mzazi anayetoa zawadi atatakiwa kuandika kwamba hadai fedha hizo wala sehemu ya nyumba, na kutoa vitambulisho na taarifa zake za benki. Mkataba wa mauzo ya kiwanja huenda ukahitaji kutafsiriwa rasmi. Wakili aliyezoea wateja wenye familia nje ya nchi atakuambia haya siku ya kwanza. Asiyezoea atakaa kimya hadi wiki ya kubadilishana mikataba, kisha atasimamisha kila kitu. Basi muulize wazi: umewahi kushughulikia fedha za namna hii, na utahitaji nini?

Jambo la pili linalotugusa ni kodi, na hapa wakili asiyeuliza anaweza kumgharimu mtu maelfu. Kwa Uingereza, tangu Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kwanza halipi ushuru wa stempu, ambao ndio kodi ya kununua nyumba, kwenye pauni 300,000 za mwanzo, mradi bei isizidi pauni 500,000. Lakini mnunuzi wa kwanza kwa mujibu wa sheria hiyo ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote duniani, hata kwa kurithi. Nyumba ya familia ambayo jina lako limo huko ulikozaliwa inahesabika. Na kama bado unamiliki nyumba nyingine popote, huenda ukaangukia kiwango cha juu kinachoongeza asilimia 5 kwenye bei yote. Tazameni tofauti kwa nyumba ya pauni 300,000: mnunuzi wa kwanza halipi kitu, asiye mnunuzi wa kwanza hulipa pauni 5,000, mwenye nyumba nyingine anaweza kulipa pauni 20,000. Vipo vighairi vinavyotegemea thamani ya sehemu yako, muda ulioirithi, na kama unabadilisha makazi yako makuu, na mali ya mume au mke wako nayo huangaliwa. Asiyekaa nchini siku za kutosha katika mwaka uliotangulia ana nyongeza nyingine ya asilimia 2. Wales ina kodi yake na viwango vyake. Tamko unalosaini mbele ya mamlaka ya kodi ni lako, si la wakili. Kwa hiyo asipokuuliza kuhusu nyumba za nje, mwambie wewe mwenyewe, na umtake akujibu kwa maandishi.

Wapo kati yetu wasiotaka riba, wanaonunua kwa njia ambayo benki hununua nyumba au hisa ndani yake kisha mteja hulipa kodi ya pango na kununua hisa hizo taratibu. Muundo huo una hati zaidi ya mkopo wa kawaida, na sheria imeweka tangu mwaka 2003 nafuu maalumu ili ushuru usilipwe mara mbili, kwa kuwa nyumba hubadilisha mikono mara mbili. Wakili ambaye hajawahi kuifanya kazi hii atajifunzia kwenye faili lako. Muulize ameshafanya ngapi na kwa benki ipi.

Wengine hununua wawili: ndugu na ndugu, au wenzi, mmoja akiwa ametoa zaidi. Wakili atawauliza mnamiliki kwa namna ipi, na swali hilo si la kupita juu juu. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifariki nyumba yote huwa ya aliyebaki, hata kama wasia wa marehemu unasema vingine, na hata kama aliamini mali yake itagawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Na kuna umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana sehemu yake na anaweza kuiusia. Mwaka 2007 shauri la Stack na Dowden lilifika hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, kwa sababu watu wawili waliandikisha nyumba kwa majina yao bila kusema kila mmoja ana kiasi gani. Bibi Dowden alipewa asilimia 65 baada ya safari ndefu ya mahakama. Waraka mfupi wa kutamka hisa, ulioandaliwa siku ya kununua, ungewaepusha na hayo. Wakili mzuri huwazungumzisha wanunuzi jambo hili kwa utulivu, na akiona maslahi yao yanapingana, humshauri mmoja wao atafute wakili wake. Akikuambia hivyo, amekuheshimu.

Kwa ghorofa nitakuwa na neno la tahadhari. Nyumba nyingi za ghorofa huuzwa kwa umiliki wa muda maalumu, na miaka iliyobaki ni sehemu ya bei. Chini ya miaka 80, kuongeza muda kumekuwa kukigharimu zaidi, na ingawa Bunge lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kurekebisha hilo, sehemu zake zimekuwa zikianza kutumika kwa awamu, kwa hiyo usiridhike na jibu la jumla. Wakili asome gharama za uendeshaji wa jengo kwa miaka iliyopita na kazi kubwa zinazopangwa. Tangu moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, London, wa Juni 2017, uliochukua roho za watu 72, na Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 iliyofuata, majengo yenye urefu wa mita 11 au ghorofa tano na zaidi yana hati za ziada kuhusu nani atalipia matengenezo ya kuta. Baadhi ya ofisi hazipokei kabisa kazi za majengo hayo. Ni afadhali uambiwe hivyo siku ya kwanza kuliko mwezi wa tatu.

Kuna wezi pia. Njia yao wanayoipenda ni kuingia kwenye barua pepe na kukutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa wakili wako, ukisema akaunti ya benki imebadilika. Fedha zikishaenda, kuzirudisha ni vigumu mno. Chukua namba ya akaunti kwa mkono ofisini au kwa simu uliyoipiga wewe kwa namba uliyoipata mwanzo, na usikubali badiliko lolote lililoletwa kwa barua pepe. Wapo pia wanaojifanya wenye nyumba: katika shauri la Dreamvar lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2018, mnunuzi alilipa zaidi ya pauni milioni moja kwa mtu ambaye hakuwa mwenye nyumba hata kidogo. Muulize wakili wako anathibitisha vipi kwamba upande wa pili una mteja wa kweli. Na ninyi mnaosafiri na kuacha nyumba tupu au mikononi mwa wapangaji, jiandikisheni kwenye huduma ya arifa ya Ofisi ya Usajili wa Ardhi, ambayo hutolewa bila malipo na hukujulisha mtu anapojaribu kugusa kumbukumbu za nyumba yako.

Kazi ya wakili haiishi siku ya funguo. Anapaswa kuwasilisha tamko la ushuru na malipo yake ndani ya siku 14 kwa Uingereza, na kuandikisha umiliki wako kabla kinga ya upekuzi wa mwisho katika Ofisi ya Usajili wa Ardhi, inayozuia mtu mwingine kukutangulia katika kumbukumbu na ambayo ni siku 30 za kazi, haijakwisha. Usajili wenyewe unaweza kuchukua muda mrefu baada ya maombi kupelekwa. Ukipata nakala ya kumbukumbu, isome. Majina yetu hupinduliwa: jina la babu huwekwa mahali pa jina la mtu, herufi huongezwa, Mohamed mmoja huwa na tahajia tatu. Kosa hilo dogo huja kukusumbua siku utakapotaka kuuza au kukopa, na ni rahisi kulisahihisha wakati faili bado liko mezani kwa wakili.

Ikitokea hukuridhika na kazi yake, usinung'unike pembeni. Lalamika kwa ofisi yenyewe, kwa maandishi. Ina wiki nane za kukujibu. Usipojibiwa au usiporidhika, peleka malalamiko yako kwa Legal Ombudsman, chombo huru kinachosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili, ndani ya miezi sita tangu jibu la mwisho. Huduma hiyo ni bure kwa mlalamikaji, na inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi pauni 50,000. Kama tatizo ni udanganyifu au wizi, basi ni la msimamizi wake, na huko napo mlango uko wazi. Tunza kila barua tangu ile ya kwanza iliyotaja bei, maana ndiyo itakayotazamwa kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapo waliobeba karatasi zao leo. Nitabaki hapa kwa yeyote anayetaka tuzisome pamoja.